Kompyuta Iliyokataa Neno Kesho

Kwa Mratibu,
Mafunzo ya Kompyuta ya Likizo kwa Wanafunzi wa Sekondari,
Ghorofa ya pili, juu ya maktaba.

Yahusu: Kuomba binti yangu akataliwe

Ndugu Mratibu,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na walimu wako. Mimi ni baba wa yule msichana mrefu wa kidato cha tatu aliyekuwa akikaa karibu na dirisha, mwenye sketi ya bluu ya marinda kumi na sita. Marinda yale ni kazi ya mkono wangu. Nashona nguo za kike na za kiume katika chumba kimoja chenye mashine mbili, nyuma ya posta, na mtaani wananiita Fundi Kesho. Jina hilo nimelibeba miaka ishirini na miwili na sijawahi kuliona kama tusi.

Niende moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Siku tisa zilizopita uliniletea fomu ukisema kwamba kati ya wanafunzi mia na ishirini waliofundishwa kuandika programu za kompyuta likizo hii, mmechagua kumi na wawili waende awamu ya pili, na binti yangu yumo. Awamu hiyo ni ya wiki sita, wanalala hukohuko, na ni mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Unataka saini yangu kabla ya Ijumaa.

Ombi langu ni kwamba mmkatae nyinyi. Andika kwamba nafasi zimejaa, au mlikosea kuhesabu, au lolote utakaloona linafaa, wewe ni msomi. Nikikataa mimi, ataninunia mimi. Mkikataa nyinyi, atawanunia nyinyi, na nyinyi hamli naye meza moja.

Ili usidhani nimekurupuka, naorodhesha hapa madhara niliyoyapata tangu mtoto huyu aanze kupanda ngazi zenu.

1. Nilikukabidhi mtoto mwelewa, umenirudishia mpelelezi. Zamani nilikuwa nikimwambia chukua kile kitambaa, kikate kama kile cha juzi, kiweke pale. Anachukua, anakata, anaweka, maisha yanaendelea. Tangu wiki yenu ya pili ananiuliza kitambaa kipi, cha juzi cha nani, na pale ni wapi. Eti kompyuta haikisii, kwa hiyo anayetoa amri lazima aseme yote. Nikamwambia mimi si kompyuta, mimi ni baba yako. Akanijibu kwa adabu, na adabu ndiyo iliyoniudhi zaidi, kwamba hilo analijua, ndiyo maana ananiuliza, kwa sababu kompyuta haina majibu lakini baba anayo. Sasa mtoto akikujibu hivyo utamfanya nini?

Halafu akanikalisha kitako nimtajie hatua za kushona suruali, moja baada ya nyingine, naye atafuata nilivyosema bila kuongeza wala kupunguza. Nilizitaja kwa madaha, mguu mmoja juu ya mwingine, zikafika arobaini na moja. Alipomaliza, suruali ilikuwa imezibwa chini mguu wa kushoto, kitu kama mfuko wa mto. Akanionyesha kwenye daftari: hatua ya ishirini na sita nilisema unganisha mbele na nyuma, sikusema uishie wapi. Suruali ile ameitundika ukutani. Kila mteja anayeingia anauliza ni ya nani. Haki ya Mungu, sijawahi kukosea suruali tangu nilipokuwa najifunza kazi. Hii nimeikosea kwa kusema tu.

2. Kuhusu tarehe. Mliwaambia watoto kila mmoja alete tatizo la nyumbani kwao alitatue kwa programu. Nasikia watoto wa wenzangu walileta matatizo ya heshima. Mmoja alileta tangi la maji linalofurika. Mwingine alileta kuku wa bibi yake wanaotaga ovyo. Wangu alinileta mimi.

Mimi sikujua. Aliponiambia anataka maelezo ya kazi yangu, nikadhani ni tangazo. Nikavaa koti, nikakaa, nikasema yote.

Nikamweleza kwamba kila nguo ina tarehe tatu. Ya kwanza ni ya mteja, anayopewa ili atoke dukani akiwa na uso mzuri. Ya pili ni ya mke wangu, anayenisaidia vifungo na mapindo, maana naye hupenda kuambiwa kitu. Ya tatu ni ya nguo yenyewe, na hiyo haijulikani mpaka ifike. Huu si ujanja wangu, nimeurithi kwa fundi aliyenifundisha, na yeye alikuwa na tarehe nne. Binti akaandika, akaandika, halafu akaniambia kwamba kwenye kompyuta kisanduku cha tarehe ni kimoja. Akataka kujua ipi ndiyo ya kweli. Nikamwambia zote. Kompyuta ikakataa. Nikamwambia basi andika kesho, tumalize maneno. Ikakataa hata hiyo! Eti kesho si tarehe. Ndugu Mratibu, nimeoa kwa kesho, nimejenga kwa kesho, watoto wanne nimewalea kwa kesho, leo mashine isiyo na hata miguu inaniambia hakuna kitu kama hicho.

3. Programu yenyewe ilipokamilika ikaanza kutuma ujumbe kwenye simu za wateja kila Jumamosi asubuhi. Nilitoa ruhusa kwa kinywa changu, nikidhani ni salamu. Wa kwanza kupata alikuwa mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mtu mpole, ambaye koti lake liko kwangu tangu akiwa bado kazini. Kila akija nilikuwa namwambia yamebaki matundu ya vifungo tu. Jumamosi hiyo akaandikiwa hivi: "Koti lako halijakatwa. Kitambaa kiko kwenye mfuko wa njano chini ya meza. Ahadi zimebadilishwa mara kumi na moja."

Kila neno hapo ni la kweli, na hapo ndipo penye ubaya. Mzee alikuja, akainama chini ya meza, akauona mfuko wa njano, akaupapasa kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Akamshukuru binti yangu kwa mikono miwili. Mimi hakunisalimia.

4. Kuna bibi harusi aliyeleta kitambaa chake mwezi mzima kabla. Gauni la harusi mimi hulishona siku moja kabla ya harusi, hapo ndipo mkono unapopata moto. Ndugu wote wa bibi harusi hupita dukani wakilia kidogo, na gauni linapata uzito wake. Safari hii bibi harusi akapata ujumbe kwamba gauni halijaanzwa. Jumatatu wakaja shangazi zake watatu, wameingia na viti vyao wenyewe, wakakaa wakiitazama mikono yangu. Hawakufoka, hawakutukana. Wewe umewahi kushona huku unatazamwa na shangazi watatu walionyamaza? Nilimaliza Jumatano.

Matokeo yake ni nini? Mama wa bibi harusi ameniambia bintiye alilala usingizi mnono siku tatu mfululizo kabla ya harusi yake, akala vizuri, akanenepa, na Ijumaa ikabidi niongeze sentimita moja kiunoni. Kazi juu ya kazi.

5. Mbele ya duka langu kuna benchi la watu sita. Halijawahi kukaa tupu. Waliokuja kuulizia nguo zao walikuwa wakikaa hapo, wanapiga soga, wanagombana, wanapatana, na wawili kati yao wameoana. Mpita njia akiliona limejaa alikuwa anajua kwamba hapa kuna fundi. Siku hizi mteja anakuja siku nguo iko tayari, anavaa, anajigeuza mbele ya kioo, kwaheri. Dakika saba, nimepima. Mama muuza chai wa ng'ambo ya barabara, ambaye birika zake mbili za asubuhi zilikuwa zikiishia kwenye benchi langu, sasa akiniona anageuza shingo.

Wateja wapya wameongezeka, sikatai. Wiki hii nimepokea vitambaa kumi na vinne na mfuko wa njano hautoshi tena. Lakini hao ni wateja gani, wanaokuja na kuondoka bila hata kujua fundi ana watoto wangapi?

6. Sasa nije kwenye siku ya kufunga mafunzo, mlipotualika wazazi, na binti yangu akasimama mbele kuonyesha kazi yake kwenye ukuta mkubwa.

Lazima nikueleze kwanza siri moja ya kazi. Mwanamke akija akanitajia kiuno chake cha miaka ya usichana, mimi siwezi kumbishia. Naandika alichosema, halafu nakata kwa jicho langu. Kwa hiyo daftari langu lina vipimo viwili, cha heshima na cha mkasi. Binti alivinakili vyote viwili, na kati yavyo akaweka safu ya tatu, akaiandika kwa herufi kubwa: TOFAUTI.

Nampa haki yake, majina aliyaficha. Aliandika Mteja Namba Saba. Lakini mteja anayeshona gauni la kijani kila mwaka kwa ajili ya sherehe ya kazini, mtaa mzima, ni mmoja tu, karani wa posta, na alikuwa amekaa mstari wa mbele amevaa la mwaka huu. Mchoro ukatokea ukutani, miaka mitano ya kiuno, mstari unapanda tu kama mtu anayewahi ghorofani. Ukumbi mzima ukageuka. Nilijishusha kwenye kiti mpaka goti likagusa kiti cha mzazi wa mbele.

Karani akasimama. Nikasema kimoyomoyo, leo ndiyo leo, naumbuka mchana kweupe. Akamwuliza binti yangu mbele za watu kama programu hiyo inaweza kumwonyesha na kiuno cha mwakani. Binti akabonyeza kitu, cha mwakani kikatokea. Watu wakacheka, karani naye akacheka mpaka akafuta machozi, halafu makofi. Wewe mwenyewe ulipiga, nilikuona. Tangu siku hiyo anaenda kazini kwa miguu asubuhi na jioni, na juzi ameniletea magauni yote matano ya kijani niyapunguze. Matano! Na ametaka kuambiwa tarehe.

7. Mambo yameshatoka dukani kwangu. Jumapili nilijiwa na fundi viatu, fundi wa kuchomelea mageti na seremala, wote wamekunja nyuso. Seremala ana kabati la mtu ambaye alipoliagiza alikuwa hajaoa, na sasa ana mjukuu. Wanasema wateja wao wameanza kuwauliza, kama Fundi Kesho mwenyewe anasema kweli, nyinyi mnashindwa nini? Walitaka kujua kama jambo hili linaambukiza.

Nimekaa nikapiga hesabu. Kila mtoto kati ya hao mia na ishirini ana baba, mjomba au shangazi mwenye kazi ya mikono au kiti cha ofisi. Likizo moja, mia na ishirini. Likizo kumi, elfu moja na mia mbili. Itafika siku kila dirisha linalotuambia njoo wiki ijayo litalazimika kutuambia Jumanne saa nne. Foleni zitakwisha. Watu watabaki na mchana mzima mikononi, hawana pa kuupeleka, hawana wa kumlaumu. Wanaume wazima watarudi nyumbani saa sita na kuanza kuwauliza wake zao mboga inapikwaje. Nani atajibu kwa fujo hiyo? Si mimi. Ni wewe, Ndugu Mratibu, na ghorofa yako ya pili.

8. Hili la nane sikutaka kuliandika, lakini nimeshika kalamu na haya yenyewe imeniisha.

Mashine ya pili ni yake. Nilimkalisha hapo akiwa na miaka tisa, miguu haifiki chini, nikamwekea kreti akanyage. Wiki ya kwanza tu akapiga mshono umenyooka kuliko wa vijana wawili niliokuwa nao. Dada yake mkubwa anashona kama mtu anayekimbizwa. Wadogo zake wawili hata kutia uzi kwenye sindano ni ugomvi. Huyu ndiye mwenye mkono. Miaka yote nimekuwa nikijisemea kwamba macho yangu yakichoka, yeye yupo. Sasa mnamchukua wiki sita, na najua baada ya hizo sita mtaleta fomu nyingine. Hajawahi kulala nje ya nyumba hii. Mama yake anasema nimwache aende, na anasema hivyo huku ananipa mgongo ili nisimwone uso. Mimi naogopa, Ndugu Mratibu. Naogopa atarudi akiwa mgeni, anakaa kwenye benchi badala ya mashine. Nimeshasema, basi.

Kwa sababu hizo nane naomba mambo matatu. Kwanza, akataliwe, kama nilivyoeleza. Pili, hilo likishindikana, nirudishieni mtoto kama alivyokuwa siku ya kwanza. Hata kama hamtaweza kuyatoa yote mliyomtia kichwani, nusu inatosha, hasa ile nusu inayouliza maswali. Tatu, na hilo nalo likishindikana, tengenezeni kompyuta yenye visanduku vitatu vya tarehe. Niko tayari kuja kuwafundisha walimu wako matumizi yake, mtanitajia siku nitakayokuja nami nitawaambia kama nitaweza.

Nisalimie walimu wote, hasa yule mrefu wa somo la asubuhi ambaye mkono wa kulia wa shati lake ni mfupi kuliko wa kushoto. Mwambie alilete, sitamlaumu yeye, namlaumu aliyemshonea. Msalimie mlinzi wa langoni, mwenye maktaba anayetunyamazisha hata tukikohoa, na mama anayefagia ngazi, ambaye siku ile alinipa maji baada ya mambo ya karani. Mke wangu anakusalimu. Hajui nakuandikia nini, ila amesema nikusalimu.

Ni mimi mzazi mwenye kinyongo lakini asiye na ugomvi,

Fundi Kesho,
nyuma ya posta, mlango wenye pazia la vipande vipande.

Nyongeza: Barua hii niliiandika asubuhi kabla ya kufungua duka. Sasa ni alasiri, na bahasha bado iko wazi.

Nilikuwa kwenye mashine ya kwanza, yeye ya pili, anashona bega la koti la yule mwalimu mkuu. Ndipo kitu kikanijia. Mtoto huyu ananiuliza kila jambo chini ya jua, kipi, wapi, lini, kwa nini. Fomu yenu imekaa mezani chini ya mkasi siku zote tisa. Kila anapotaka kukata, anauchukua mkasi, anaitazama fomu, anakata, anaurudisha mkasi palepale juu yake. Hajaniuliza. Hata mara moja hajaniuliza. Nilitoka nje nikajifanya nakung'uta vumbi kwenye pazia, maana machozi yalikuwa yamenilenga na sikutaka anione.

Basi fomu imo humu ndani, nimeisaini. Yote niliyoandika juu usiyasome, na kama umeshayasoma yasahau. Msimkatae. Mkithubutu kumkataa nitapanda hizo ngazi mimi mwenyewe, na shangazi watatu nitawakodi.

Ila nimekuta kosa kwenye fomu yenu, na nimeshangaa, watu wa kompyuta kabisa. Penye kuondoka mmeandika siku, tarehe, na saa ya basi. Penye kurudi mmeandika "mwishoni mwa mwezi". Mwishoni mwa mwezi ndiyo lini? Hivyo ndivyo anavyojibiwa mtu anayemsubiri mtoto wake? Ndugu Mratibu, maneno hayo mimi nayajua, nimewapa watu miaka ishirini na miwili. Niandikie tarehe. Moja.